Kahawa ya Mara ya Tatu

Nordhem, Minnesota
15 Oktoba 2006

Mdogo wangu LaVonne,

Pokea salamu zangu kabla ya jambo lolote, na natumaini jua la huko Mesa bado halijakukausha kama samaki. Mimi mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo linabashiri mvua kuliko redio. Baridi imeanza. Viazi nimevichimba, na jiwe la kaburi la Orval wangu limewekwa wiki iliyopita. Jina lake wameliandika vizuri. Upande wangu wameuacha wazi, na nimewaambia wachongaji wasikae wakinisubiri.

Sasa habari yenyewe. Zile fedha za mnada wa ng'ombe na za shamba, ulizokuwa ukiniuliza nimezifanyia nini, nimezipatia mahali. Unamkumbuka Rollie Kvamme, yule wa kwaya mwenye sauti nzito, muuza bima. Alikuja kunifungia madirisha ya baridi, yale ya ziada ya nje ya kuzuia upepo. Kayafunga yote, hata lile la juu ambalo Orval mwenyewe alikuwa akilitukana. Alipomaliza akakaa jikoni, akatoa karatasi, akaniambia: "Dada Ardis, fedha za mjane hazitakiwi kulala."

Kitu chenyewe wanakiita anuiti inayobadilika. Unaipa kampuni ya bima fungu lako lote kwa mkupuo. Wao wanaliweka kwenye mifuko ya hisa na dhamana, nawe uzeeni unalipwa kila mwezi hadi unapokufa. Na uzuri wake ni huu: kila mwaka linakua kwa asilimia sita, soko lipande lisipande. Haiwezi kushuka, LaVonne. Nimeweka dola laki moja na sitini elfu, yaani karibu kila kitu isipokuwa nyumba. Mrithi nimekuandika wewe, maana sina mwingine.

Sikusema ndiyo papo hapo. Wewe umekaa jangwani muda mrefu, huenda umesahau mambo yetu: mtu akikukaribisha kahawa, unakataa mara ya kwanza, unakataa mara ya pili, ya tatu unapokea. Basi Rollie aliuliza nikasema hapana, asante. Akauliza tena nikasema hapana, nisikusumbue. Akauliza ya tatu na mdomo wangu ukasema ndiyo wenyewe, kama kwamba ameshika birika.

Ninachotaka ni kimoja tu. Nataka kufia ndani ya nyumba hii, kwenye kitanda changu, bila kumwomba mtu hata senti ya mafuta ya tanuru la kupashia nyumba joto. Naamini sasa nimeshakipata.

Njoo Krismasi. Chumba cha mashariki kipo.

Dada yako,
Ardis


Mesa, Arizona
24 Oktoba 2006

Dada Ardis,

Salamu zimefika, goti nimelipa pole, na mimi huku ni mzima wa afya na mwekundu wa ngozi. Sasa kaa chini.

Mwanamke we! Umeuzwa kwa kikombe cha kahawa yako mwenyewe!

Nisikilize, maana hii ndiyo fani yangu. Huku Mesa wazee tunaalikwa kila wiki hotelini kula steki ya bure, na baada ya steki anasimama kijana mwenye meno meupe kutuuzia anuiti hiyohiyo. Mimi sikosi hata mwaliko mmoja. Nakula steki, nakula keki ya jibini, nauliza maswali mabaya, naondoka na mkate kwenye mkoba. Wameshaanza kunijua kwa sura. Nimeyasikia maneno ya Rollie wako mpaka ningeweza kuyaimba kwaya.

Hiyo asilimia sita si fedha yako. Una namba mbili, dada. Moja ni ya kweli: ndiyo iliyo kwenye mifuko ya hisa, inapanda na kushuka, na ndiyo pekee unayoweza kuichukua mkononi. Nyingine ni ya kivuli. Kivuli ndicho kinachokua asilimia sita, na kazi yake ni moja tu: kupigia hesabu ya malipo yako ya kila mwaka siku ukianza kulipwa. Huwezi kwenda kukichukua kivuli ukanunulia trekta.

Na ada! Ada ya bima, ada ya mifuko, ada ya hicho kivuli. Zote zinamegwa kwenye namba ya kweli kila mwaka, soko likipanda au likianguka. Ukitaka kujitoa kabla ya miaka saba, unakatwa faini. Hiyo faini ipo kwa sababu Rollie alishalipwa chake siku ulipotia sahihi.

Lakini bado una nafasi. Sheria inakupa siku chache baada ya kuupokea mkataba, unaurudisha na unapewa fedha zako zote. Utakuja kwa posta au atakuletea mwenyewe. Ukishika bahasha tu, irudishe. Usinywe kahawa na mtu kabla.

Krismasi sitaweza kuja. Tikiti zimepanda na huku nina wapangaji wa kuwashughulikia. Nisamehe.

Mdogo wako,
LaVonne


Nordhem
12 Novemba 2006

LaVonne,

Mimi mzima. Natumaini na wewe.

Rollie aliuleta mkataba mwenyewe, mnene kama Biblia ya mimbarini. Sikuurudisha na sitaurudisha.

Unajua ni kwa nini. Walikuwa sita waliombeba Orval kutoka kanisani, na Rollie alishika upande wa kichwa, kwenye barafu, na mgongo wake ulivyo mbovu. Mtu aliyeshika kichwa cha mume wangu siendi kumtupia karatasi usoni. Wewe siku ile hukushika hata sahani. Ulisimama katika jiko la kanisa, mbele ya wanawake wote wa chama, ukasema Orval alijiua kwa kazi kwa ajili ya ng'ombe wasiomshukuru. Kisha asubuhi ukapanda ndege.

Kula steki zako. Fedha ni zangu, na ujinga kama upo ni wangu pia.

Ardis


Nordhem
9 Machi 2009

Mdogo wangu LaVonne,

Imepita miaka zaidi ya miwili bila neno, na mimi ndiye ninayeanza, kwa hiyo usiseme kamwe kwamba sijawahi. Hujambo? Miguu je? Mimi sijambo mwili, lakini moyo si mzuri.

Sikuandikii kuomba radhi. Nakuandikia kuuliza.

Umesikia redio kama sisi sote, jinsi soko la hisa lilivyoanguka. Hapa mjini watu wanaangalia barua za benki wakiwa wamesimama, ili waweze kukaa chini wakishazisoma. Yangu ilikuja juzi. Namba ya kweli, kama ulivyoiita, imeanguka hadi tisini na kitu elfu. Fedha za Orval, LaVonne. Miaka arobaini ya kukamua alfajiri, karibu nusu yake imeyeyuka nami nimekaa jikoni nikinywa kahawa. Nililia. Halafu nikakasirika kwamba nimelia.

Kivuli kimeandikwa pembeni yake, laki moja na themanini na kitu elfu, kama vile hakuna lililotokea. Nimeuchukua mkataba nikaanza kuusoma kutoka mwanzo, kwa sauti, kwa sababu nikiusoma kimya nasinzia. Sentensi moja inaanza ukurasa huu na kuisha ule wa tatu.

Rollie Jumapili ameimba akiangalia dari. Hakuja kwenye kahawa baada ya ibada.

Niambie ukweli. Nitoke na kilichobaki, nilipe hiyo faini, au nikae? Nyumba hii nitaweza kuishika?

Dada yako,
Ardis


Mesa
2 Aprili 2009

Dada,

Barua yako nimeiweka kwenye friji kwa sumaku, nikawa naipita naisalimia siku nzima kabla ya kuifungua tena. Asante kwa kuanza. Mimi mzima, namshukuru Mungu, na usinicheke kwa nitakayokwambia.

Mimi niliyekuita mjinga nilikopa kwa dhamana ya nyumba yangu, nikanunua nyumba ya pili ya kupangisha, kwa sababu kijana mmoja asiye na hata steki aliniambia bei za nyumba hazishuki. Zote mbili benki imechukua. Nakaa kwenye nyumba ya magurudumu pamoja na wajane wengine na mbwa zao, na asubuhi nasimama dukani na aproni nikiwagawia watu vipande vya jibini vya kuonja. Naitwa "bibi wa jibini." Kwa hiyo sina kiti cha juu cha kukuhubiria.

Lakini nikwambie ninachokijua. Usitoke. Usikitoe hata kidogo.

Kitu ulichonunua kilikuwa ghali, na siku za neema kilikuwa kinakula ada bure. Sasa neema imekwisha, na ile ahadi uliyokuwa ukiilipia ndiyo mali uliyobaki nayo. Ahadi inasema hivi: ukianza kulipwa ukiwa na miaka sabini, watakupa asilimia tano ya kivuli kila mwaka hadi ufe. Wanaanza kuzitoa kwenye fedha zako za kweli. Zikiisha zile, wewe ukiwa bado unapumua, wanaendelea kukulipa kutoka kwenye mfuko wao. Ukitoka leo unawaachia wao ahadi na unaondoka na hasara.

Jambo moja tu lishike kama kamba ya kisima. Ukishaanza, usichukue zaidi ya kile wanachokupangia. Ukizidisha hata mara moja, kivuli kinakatwa na malipo yanapungua kwa maisha yako yote. Kampuni inaombea uzidishe. Paa likivuja, tanuru likifa, watakuambia kwa upole kwamba fedha ni zako, chukua tu.

Kazi yako sasa ni kukaa hai, dada. Hakuna kitu kitakachowaumiza zaidi.

Mdogo wako akupendaye,
LaVonne
bibi wa jibini


Nordhem
20 Januari 2011

Mdogo wangu, bibi wa jibini,

Salamu nyingi kutoka kwenye theluji inayofika dirishani. Umeamkaje huko? Mimi naandika nikiwa na koti, kofia na soksi mbili, na nitakueleza.

Sabini nilitimiza mwaka jana, na sasa malipo yameanza. Dola mia nane na kitu kila mwezi, juu ya yale ya serikali. Hundi ya kwanza niliiangalia sana. Nikanunua kahawa ile nzuri na nyama ya kusaga nikapika bakuli la viazi la tanuri, nikala peke yangu mezani kwa kitambaa cha sherehe.

Basi tanuru la nyumba likafa. Lilikufa kwenye baridi kali mno, kama kwamba lilisikia nimepata fedha. Fundi akataja bei, na nikapiga simu kampuni kuuliza habari nyingine, na binti mwenye sauti ya asali akaniambia maneno yako yaleyale: "Mama, fedha ni zako, unaweza kuchukua zaidi wakati wowote." Nikamwambia, "Binti yangu, najua nitakachopoteza nikizichukua, na wewe unajua, na karatasi hii inajua." Nikamshukuru nikakata.

Nimeuza boti ya Orval. Ile ya samaki, aliyoipaka rangi ya kijani. Iliniuma, lakini yeye mwenyewe angeniambia niiuze. Fundi anakuja kesho kutwa. Blanketi lako la umeme limefika jana, na sikujua nicheke au nilie, kwa hiyo nikalala ndani yake.

Dada yako,
Ardis


Nordhem
11 Julai 2013

Mdogo wangu LaVonne,

Pokea salamu zenye mwandiko wa kuku, naandika kitandani. Usishtuke. Nilipatwa na shambulio la moyo nikiwa kwenye bustani ya rubabu, nikikata yale mashina yake machachu ya pai. Jirani aliniona. Wamenifungulia mshipa mmoja na kunirudisha nyumbani na chupa za vidonge. Daktari kijana aliniambia nipunguze mambo. Nikamuuliza yapi, akaniongezea vidonge.

Nilipofika kwenye sanduku la barua, nikakuta bahasha ya kampuni. Wanataka niiuze ile ahadi. Wataniongezea dola elfu kumi na mbili kwenye fedha zangu za kweli, na mimi niiache, wasinilipe tena baada ya zangu kuisha. Wameandika kwa heshima kubwa. "Nafasi maalumu kwa wateja wetu wa thamani." Miaka saba sikuwa na thamani.

Rollie amepiga simu kuuliza kama nimeipata. Atakuja.

Njoo, LaVonne. Sijakuomba tangu ile Krismasi. Nina hofu kidogo na sipendi kuwa nayo peke yangu.

Dada yako,
Ardis


Mesa
22 Julai 2013

Dada yangu Ardis,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama dukani nyuma ya jibini, na meneja alidhani kuna mtu amefariki. Unaendeleaje? Unameza vidonge au unawapa kuku? Mungu akushike, maana mimi bado sijamaliza kukuudhi.

Sasa usikasirike. Pokea hizo elfu kumi na mbili.

Ile ahadi ina faida kwa anayeishi muda mrefu. Mtu anayekufa mapema anaiacha mezani. Una miaka sabini na tatu, una mshipa uliozibuliwa moyoni, na baba alikufa akiwa na sitini na tisa. Kwa hesabu ya baridi, chukua fedha, zitoe taratibu, na kama nyingine zikibaki... Naam, najua mrithi ni nani. Nasema hivi nikilijua hilo, na unaweza kunirushia kisahani. Sitaki senti yako. Nataka usidanganywe mara ya pili, hata na ukaidi wako mwenyewe.

Kuja sitaweza. Nilikuwa nitaandika kwamba ni kazi, na kazi ipo. Lakini ukweli ni kwamba siwezi kuingia kwenye lile jiko la kanisa. Nilimtukana mumeo siku ya maziko yake mbele ya watu waliokuwa wakimkatia mikate. Wote walinisikia. Nimezeeka na bado nikikumbuka naona joto usoni. Nakupenda na ni mwoga, yote mawili.

Mdogo wako,
LaVonne


Nordhem
8 Septemba 2013

LaVonne,

Hujambo mwoga. Mimi sijambo, namshukuru Mungu na namshangaza daktari. Vidonge nameza. Kisahani nimekirudisha kabatini.

Rollie alikuja Alhamisi. Alikuwa na mkataba mpya mkononi, wa kampuni nyingine: niiache ahadi yangu, nipokee elfu kumi na mbili, halafu zote nizihamishie huko kwingine "kwenye usalama zaidi." Usalama ambao una faini yake mpya ya miaka saba na chake kipya cha Rollie. Kanyoa vizuri. Akasema maua yangu yamependeza. Nikamwekea kahawa, akakataa mara mbili, akanywa.

Halafu akaanza. "Dada Ardis, kwa afya yako hii, si ungepokea tu hizi?"

Nikasema, "Hapana, asante, Rollie."

Akakoroga kahawa. "Nakuwazia wewe. Orval angependa upumzike. Weka sahihi hapa, mimi nitamalizia mengine."

Nikasema, "Hapana, usijisumbue."

Alitabasamu, LaVonne, kwa sababu sote wawili tulijua inayofuata. Alisukuma kalamu mbele yangu kama mtu anayesogeza sukari. "Basi, dada," akasema, "tuimalize?"

Nikasema, "Hapana."

Akadhani hakusikia vizuri. Aliniangalia, akaangalia kalamu. Akauliza tena, ya nne! Hakuna mtu Nordhem aliyewahi kuulizwa ya nne, hata sijui kama kuna kanuni yake. Nikamwambia: "Rollie Kvamme, ulimshika Orval kichwa kwenye barafu, na kwa hilo nitakupa kahawa mpaka mmoja wetu afe. Lakini lile deni nimeshalilipa mara moja, kwa sahihi yangu, na ulikula vizuri. Hapana. Mimi najua ni kitu gani nilichonacho. Kampuni yenye wanahesabu jengo zima inanibembeleza nikiache. Hawangebembeleza kama hakina thamani."

"Lakini moyo wako," akasema.

"Moyo wangu wameuzibua. Waambie hivyo huko makao makuu."

Hakujua afanye nini na kofia yake. Aliivaa, akaivua, akaivaa. Mlangoni akageuka na kusema taratibu kwamba hata yeye amechoka na biashara hii. Nikamfungia keki za limau kwenye karatasi akaondoka nazo.

Wewe unasema hesabu ya baridi. Nimeisikia, na nakushukuru kwa kuiandika bila kuipaka sukari. Lakini hesabu yako inaanzia kwamba nitakufa. Mimi sikubali kuanzia hapo. Wamenikata ada miaka saba kwa ajili ya siku ambayo fedha zangu zitakwisha nami nipo. Nataka kuiona siku hiyo. Nataka kuwa pale mlangoni ikifika.

Na kuhusu jiko la kanisa: nilikasirika na wewe miaka mingi. Uliyoyasema ni ya kweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyoniuma. Orval alijiua kwa kazi kweli. Ila ng'ombe walimshukuru.

Dada yako,
Ardis


Mesa
14 Februari 2018

Dada mpendwa,

Kadi hii ina paka, usijali, hazikubaki nyingine dukani. U mzima? Mimi nimestaafu jibini. Nimealikwa tena steki na nikakuta kijana anauza anuiti, nikasimama nikawaambia watu wote habari za dada yangu wa Minnesota aliyekataa mara nne. Mzee mmoja alipiga makofi. Walininyima keki.

Bado unapumua? Endelea.

Mdogo wako,
LaVonne


Nordhem, Minnesota
3 Juni 2023

Mdogo wangu LaVonne,

Salamu, salamu, na salamu tena. Natumaini macho yako bado yanasoma mwandiko wangu na miguu inakubeba. Mimi nina miaka themanini na tatu, goti la chuma, meno machache ya asili, na ninaandika nikicheka peke yangu jikoni.

Imefika sifuri.

Barua ya kampuni ilikuja jana. Namba ya kweli: sifuri. Hakuna hata senti. Mifuko ya woga, isiyoshuka wala kupanda, waliyonilazimisha kuhamia baada ya lile anguko la soko, ada zao, na hundi zangu za kila mwezi, vyote pamoja vimeimaliza. Nimekaa kwenye ngazi za mlango nikaiangalia ile duara ndogo, na katika maisha yangu sijawahi kuona namba nzuri hivyo. Maana chini yake, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba malipo yangu yataendelea kama kawaida. Kuanzia mwezi huu wananilipa wao, LaVonne. Kutoka mfukoni kwao. Hadi nife, na mimi sina haraka.

Sijasahau kwamba wengi walionunua kitu hiki walikufa mapema, au waliogopa wakatoka, au waliukubali ule ubembelezi. Nawafikiria. Ndio waliotegemewa na kampuni. Mimi pia walinitegemea nife.

Wewe nilikuandika mrithi wa kilichobaki. Pole. Nimekila chote.

Sasa basi. Mtu akifa kwetu tunamzika ipasavyo, na akaunti hii imeishi nami miaka kumi na saba, muda mrefu kuliko mbwa yeyote. Tutaizika Jumamosi ya tarehe ishirini na nne. Barua zao zote nimezijaza kwenye lile kopo kubwa la biskuti la mama, na nimechimbiwa shimo kwenye bustani ya rubabu, palepale nilipoanguka. Baadaye kutakuwa na kahawa katika ukumbi wa chini ya kanisa, mikate ya nyama ya nguruwe na kachumbari, kama kwa binadamu. Mchungaji ni binti mdogo, amecheka mpaka akakubali.

Rollie ndiye atakayebeba kopo. Ana miaka themanini na moja, ameacha bima, anatembea na fimbo. Nilipomwomba alisema hapana, asante. Nikamwomba tena akasema hapana, hastahili. Nikamwomba ya tatu. Alifuta macho akaniuliza ashike upande gani. Nikamwambia ni kopo, Rollie, halina kichwa wala miguu, shika popote.

Kuna kitu kimoja kimebaki. Wale wanawake waliokusikia siku ile jikoni, nimewapitia mmoja mmoja kichwani. Walio wengi wako makaburini karibu na Orval. Mmoja yuko nyumba ya wazee na ananiita kwa jina la mama yake. Bernadine bado yupo imara, lakini ni kiziwi kabisa, na hata siku ile alikuwa ameshaanza. Hakuna aliyebaki wa kukumbuka maneno yako isipokuwa mimi, na mimi niliyasamehe nikiuza boti. Nilisahau tu kukuandikia.

Nyumba ipo. Niliishika. Chumba cha mashariki nimekipaka rangi, na madirisha ya baridi nimeyatoa mwenyewe, isipokuwa lile la juu.

Nilikuomba uje Krismasi ile, ukakataa. Nilikuomba nilipougua, ukakataa. Wewe ni mtoto wa hapa, LaVonne, hata jua likufanyeje. Unajua inayofuata.

Kila uliposhindwa kuja uliniandikia barua nzuri ya kueleza sababu. Ninazo zote. Kwa hiyo safari hii usinijibu. Nitakuwa naenda kwenye sanduku kila asubuhi, na nikilikuta tupu nitaweka sahani ya pili.

Dada yako aliye hai,
Ardis